Ncha ya Herufi L: Tofauti za Mihuri ya Sarafu na Bei Zake

Kabla Wabelgiji na askari wao wa Kongo hawajaingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, Wajerumani walikuwa wamegeuza karakana ya reli ya huko kuwa kiwanda cha fedha. Kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke walifua sarafu ya rupia 15: upande mmoja tembo ameinua mkonga mbele ya mlima, upande wa pili tai wa dola yao. Zilitoka sarafu 16,198. Mtu akizitazama juu juu ataapa kwamba zote ni moja. Lakini ukiukagua upande wa tai kwa kioo cha kukuzia, utaona kwamba katika sarafu 9,803 pambo la majani lililo kulia linaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, na katika zile 6,395 zilizobaki linaishia chini ya A inayoifuata T hiyo.

Kwa ajili ya herufi hiyo moja, wakusanyaji wameziandika kuwa sarafu mbili, kila moja na namba yake katika katalogi. Hata hivyo, mnadani ile iliyo chache haiipiti sana nyenzake. Bei zao hukaribiana, na kinachoamua zaidi ni hali ya sarafu: imechakaa kiasi gani, imekwaruzwa au imesalimika, iliwahi kutobolewa au haikutobolewa. Sasa ilinganishe na senti moja ya Marekani ya mwaka 1955, ya shaba, ambayo tarehe na maandishi yake yanaonekana mara mbili. Senti hizo zilizoingia mikononi mwa watu zilizidi 20,000, yaani ni nyingi kuliko tembo wote wa Tabora, wala hazina chembe ya dhahabu. Lakini hata iliyochakaa huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000, ilhali senti ya kawaida ya mwaka huo huo haina thamani ya kusumbukia.

Wengi hudhani kwamba sarafu adimu ni ghali kwa sababu ni adimu. Kwa sarafu zinazotofautiana kwa muhuri, dhana hiyo haisimami. Uchache ni sharti la kuingilia sokoni tu. Bei yenyewe hupangwa na mambo matatu yanayoshikana: jicho la kawaida kuweza kuiona tofauti, kitabu kinachoheshimika kuiandika, na watu wengi kuwa na pengo wanalotaka kulijaza. Yasipokuwepo hayo, sarafu zilizobaki kumi duniani huweza kuuzwa kwa bei ya kutupa. Na hapa kwetu, kwenye sarafu ambazo tofauti za mihuri ni nyingi kupita kiasi, kazi hiyo ya kuona, kuandika na kuhesabu imefanywa nusu, tena imefanywa mbali na kwa lugha za mbali.

Tuanze na chuma chenyewe. Sarafu hupigwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja juu na mwingine chini, na katikati huwekwa kibapa cha madini. Mashine ikigonga, picha iliyochongwa kinyume kwenye muhuri hutokea kwenye kibapa. Muhuri mmoja huweza kupiga maelfu, hata mamia ya maelfu ya sarafu, kabla haujapasuka au kulika na kubadilishwa. Kasoro au upekee wowote ulio kwenye muhuri hujirudia katika kila sarafu iliyopigwa nao. Hapo ndipo mpaka ulipo kati ya tofauti ya muhuri na ajali. Sarafu iliyopigwa upande, au iliyopigwa kwenye kibapa cha sarafu nyingine, ni ajali ya pigo moja na haina mwenzake. Tofauti ya muhuri ina wenzake mamia au maelfu, wote na alama ile ile mahali pale pale, na kwa hiyo inaweza kupewa jina, kutafutwa na kuhesabiwa.

Ni vizuri pia kuitenganisha na herufi ya kiwanda. Wazee wetu wanazikumbuka senti za Afrika Mashariki zenye tundu katikati, na baadhi zina H, KN, SA au I. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni King's Norton, SA ni Pretoria, na I ni Bombay. Hizo ni anwani zilizowekwa kwa makusudi. Na katika kundi hilo limo fundisho moja kuhusu uchache wa kudhaniwa: senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zenye jina la mfalme Edward VIII. Kwa kuwa alitawala kwa muda usiofika mwaka, kila anayekuta moja hufikiri ameokota utajiri. Zilipigwa kwa wingi sana, na hadi leo ni za bei ndogo.

Zamani, mihuri ilipochongwa kwa mkono, kila muhuri ulikuwa tofauti na mwingine, kama ilivyo kwa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Hazina tarehe wala hazitaji thamani. Zina jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, yakifungwa kwa vina. Mtaalamu anayetaka kujua zipi zilitangulia na zipi zilifuata hana budi kulinganisha mihuri, herufi kwa herufi. Kwa sarafu hizo tofauti ya muhuri ni ushahidi wa kihistoria kabla ya kuwa bidhaa, na sheria ya Tanzania ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inavihifadhi vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Anayeokota sarafu ya Kilwa ufukweni asifikirie mnada.

Viwanda vya karne ya 19 na ya 20 vilitaka kuondoa tofauti hizo. Vilitengeneza chuma mama chenye picha iliyoinuka, kisha chuma hicho kikakandamizwa kwenye kila muhuri mpya ili mihuri yote ifanane. Lakini pigo moja halikutosha kuizamisha picha. Muhuri ulipashwa moto ulainike, ukarudishwa, ukakandamizwa tena. Ukirudishwa bila kukaa sawasawa kabisa, maandishi huingia mara mbili. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa zile senti za 1955 katika kiwanda cha Philadelphia. Wakaguzi waliigundua kasoro, lakini senti hizo zilikuwa zimeshachanganyika na nyingine milioni kadhaa, na kiwanda kikaona ni afadhali kuziachia kuliko kuyeyusha zote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kiwanda cha Marekani kilihamia kwenye njia ya kukandamiza mara moja tu, na makosa makubwa ya namna hiyo yakapungua mno.

Njia nyingine ni haraka ya mafundi. Muhuri uliokandamizwa kwanza kwa chuma mama cha mwaka uliopita ukikandamizwa tena kwa cha mwaka mpya, tarakimu mbili hugombania nafasi moja. Dime (senti 10) ya Marekani ya 1942 ambayo chini ya 2 yake inaonekana 1 ni mfano unaojulikana sana. Na mwaka 1937 huko Denver fundi aliusugua muhuri ulioharibika kupita kiasi, akafuta mguu mmoja wa mbele wa nyati kwenye sarafu ya senti 5. Nyati huyo wa miguu mitatu sasa huuzwa kwa mamia ya dola hata akiwa amechakaa.

Hadi hapo ni habari ya chuma. Bei ni habari ya watu, na hakuna mahali panapoonyesha hilo waziwazi kama kwenye senti kubwa za shaba za Marekani. Mwaka 1949 William Sheldon alitoa kitabu kiitwacho Early American Cents, kuhusu senti za 1793 hadi 1814. Kila jozi ya mihuri aliipa namba. Aliweka pia vipimo vya uchache: R-8 ni sarafu ambayo zinajulikana tatu au pungufu, R-7 kuanzia nne hadi 12, R-6 kuanzia 13 hadi 30, R-5 kuanzia 31 hadi 75. Tena alibuni hesabu ya hali ya sarafu kuanzia 1 hadi 70, kwa hoja kwamba senti kamilifu ilikuwa na bei mara 70 ya ile iliyochakaa kabisa. Hoja hiyo ya bei ilikufa baada ya miaka michache kwa sababu soko lilikimbia. Namba zake zikabaki, na leo sarafu nyingi duniani zinazowekwa kwenye makasha ya kampuni za uthibitishaji hupewa daraja kati ya 1 na 70. Kipimo ambacho watu hukichukua kama sifa ya chuma kilizaliwa kwenye orodha ya bei.

Sasa linganisha. Senti ya R-5 iliyochakaa, ambayo zimebaki zisizozidi 75, hupatikana mara nyingi kwa dola mia chache. Senti ya 1955 iliyobaki kwa maelfu huipita. Sababu ni mnunuzi. Anayeitaka ile ya R-5 ni mtu aliyeamua kukusanya senti kubwa kwa mihuri yake, na watu wa namna hiyo ni wachache. Anayeitaka ya 1955 ni yeyote anayekusanya senti zenye sura ya Lincoln, mkusanyo ambao watoto wa Marekani wameanza nao kwa vizazi. Katalogi ya kawaida inaitaja, jicho linaiona bila kioo, na jirani asiyejua lolote kuhusu sarafu akionyeshwa ataelewa mara moja. Hayo mambo matatu yakikutana kwenye sarafu moja, uchache unahitajika kidogo tu.

Nguvu ya kitabu nayo imepimwa zaidi ya mara moja. Dola za fedha za Morgan, zilizopigwa kati ya 1878 na 1921, zina tofauti za mihuri kwa maelfu, ambazo Leroy Van Allen na A. George Mallis walizipanga kwa namba. Nyingi kati yake hazina bei ya ziada hata dola moja. Mwaka 1996 Michael Fey na Jeff Oxman walichagua 100 tu na kuziandikia kitabu chao. Sarafu zilezile, zilizokuwa zimelala kwenye masanduku pamoja na wenzake, zikaanza kutafutwa na kupandishwa bei. Idadi yake haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mia moja ni idadi ambayo mtu anaweza kuota kuikamilisha, na maelfu si idadi ya namna hiyo. Naliona hilo kuwa jambo zito kuliko yote katika soko hili: orodha fupi hutengeneza wanunuzi, orodha ndefu huwatawanya.

Lakini orodha haiwezi kuushinda wingi. Senti ya Marekani ya 1995 nayo ilitoka na maandishi mara mbili. Habari ziliposambaa, watu walifungua mabunda kutoka benki wakazikuta kwa wingi, na leo sarafu nzuri ya aina hiyo huuzwa kwa makumi machache ya dola. Kinyume chake ni ile ya 1969 iliyopigwa San Francisco. Wakati huo walikuwepo waghushi waliotengeneza senti za 1969 zenye maandishi mara mbili, na maofisa wa serikali walipozikamata za kweli walidhani nazo ni bandia, wakaziharibu baadhi. Baadaye zikakubaliwa kuwa halali. Leo moja ambayo haijatumika hufikia makumi ya maelfu ya dola. Sarafu hizi mbili zimezaliwa na kosa la aina moja, na bei zao hazisogeleani kabisa.

Kuna pia kivuli cha tofauti, nacho kinawapotosha watu wengi siku hizi kwenye simu zao. Muhuri uliolegea kwenye mashine ukiteleza wakati wa kugonga huacha ukingo wa pili, bapa na mwembamba, pembeni mwa herufi. Muhuri uliolika kwa kutumika sana nao huvimbisha herufi. Vyote viwili huonekana kama maandishi mawili, na vyote havina thamani ya ziada, kwa sababu havimo kwenye muhuri tangu ulipotengenezwa. Maandishi mawili ya kweli huwa ya mviringo, yamejaa, na mara nyingi ncha za herufi zimegawanyika kama uma. Anayeuza kwa maelfu picha ya ukingo bapa ama hajui anachouza, ama anajua vizuri sana.

Pwani yetu na nchi za Uarabuni zilikuwa na soko lao la tofauti za mihuri muda mrefu kabla ya vitabu hivyo. Riale ya Sham, ile yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, ilihesabiwa fedha halali Zanzibar, Oman, Yemen na Ethiopia. Tarehe yake ni 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, na tarehe hiyo haikubadilika tena katika sarafu zote zilizopigwa baadaye, hadi zama zetu. Mfanyabiashara aliikagua kwa macho: lulu za bizimu begani zinahesabika? Ukingo una maandishi yake? Isiyokaa sawa ilikataliwa au ilipunguziwa bei. Kwa hiyo mchonga mihuri aliyetaka sarafu yake ipokelewe Zanzibar alilazimika kuiga kila nukta.

Hakuna aliyeweza kuiga kila nukta. Mwaka 1935, Mussolini alipojiandaa kuivamia Ethiopia, Italia iliichukua mihuri kutoka Vienna na haki ya kupiga riale hizo. Waingereza, waliokuwa na biashara kubwa Bahari ya Shamu, walijibu kwa kuchonga mihuri yao wenyewe. London ilianza 1936, na Brussels, Paris, Bombay na Birmingham nazo zikapiga. Kila kiwanda kilitofautiana kidogo katika manyoya ya mkia wa tai, lulu za bizimu na umbo la herufi. Walter Hafner wa Austria alizikusanya tofauti hizo akazipa namba. Herufi S.F. zilizo chini ya sura, ambazo wauzaji wengi huzitaja kama ushahidi wa ukongwe, zilianzia kwa maofisa wa kiwanda cha Günzburg, lakini zimenakiliwa kwenye karibu kila riale iliyopigwa baadaye. Hazithibitishi kitu.

Matokeo yake sokoni ni haya. Riale iliyopigwa Vienna miaka ya karibuni huuzwa karibu na thamani ya fedha iliyomo, yaani gramu 28.07 zenye usafi wa 833 kwa 1,000. Za mwanzo, za karne ya 18, zikithibitishwa kwa muhuri wake hufika mamia ya dola. Sanduku la bibi wa Mji Mkongwe lenye riale kumi za 1780 linaweza kuwa na za Bombay za 1941 tu, au likawa na moja ya Günzburg katikati. Sonara anayezinunua kwa mizani hulipa bei moja kwa zote. Hapo tofauti ya muhuri ndiyo mpaka kati ya urithi na kipande cha fedha cha kuyeyushwa, na anayeuvuka mpaka huo bila kujua hupata hasara kamili.

Turudi Tabora, kwa sababu huko ndiko mihuri yetu ilikochongwa. Kabla ya vita, rupia na heller (sarafu zake ndogo) za koloni zilipigwa Berlin na Hamburg, nyingi zikiwa na herufi A au J. Vita vilipoanza 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani, na watu wakaficha fedha nzuri waliyokuwa nayo. Askari na wapagazi walihitaji kulipwa. Serikali ilichapa noti za dharura, lakini chenji ya noti ni sarafu. Ndipo zilipotokea za Tabora zenye herufi T: heller 5 za brasi, heller 20 za brasi na za shaba nyekundu, na ile rupia 15 ya dhahabu. Brasi ilitafutwa humo humo nchini, yakiwemo maganda ya mizinga. Hata thamani ya 15, inayowashangaza wengi, ina sababu: rupia 15 zilikuwa sawa na mark 20 za Kijerumani, kiwango cha sarafu ya dhahabu iliyozoeleka Ujerumani.

Karakana ya reli haikuwa na chuma mama cha Berlin. Mihuri ilitengenezwa kwa vifaa vilivyokuwepo, ikapasuka, ikabadilishwa, na kila mpya ulikuja na sura yake. Kwenye heller 5 taji lina kitako cha mviringo au kitako bapa. Kwenye heller 20 kuna taji kubwa na taji dogo, na upande wa thamani umegawanywa kwa herufi L mbili za neno HELLER: kuna muhuri ambao ncha ya L ya pili imejikunja, kuna ambao ncha za L zote zimechongoka, na kuna ambao zote zimejikunja. Mataji mawili kwa aina tatu za L ni michanganyiko sita. Ukiihesabu kwa brasi na kwa shaba nyekundu inaweza kufika 12. Ndani ya miezi michache, katika karakana moja mkoani Tabora, palitokea utajiri wa tofauti ambao kiwanda kikubwa cha Ulaya kingeona aibu kuutoa kwa miaka.

Soko linauchukuliaje utajiri huo? Kwa tembo wa dhahabu, sakafu ya bei ni dhahabu yenyewe. Sarafu ina uzito wa gramu 7.168, robo tatu yake dhahabu, kwa hiyo dhahabu safi ni gramu 5.376. Wakusanyaji hulipa juu sana ya hapo, maelfu ya dola kwa iliyosalimika, lakini wanamlipia tembo. Anavutia hata asiyekusanya sarafu za koloni: anayependa wanyama, anayependa vita vya kwanza vya dunia, anayependa dhahabu ya Afrika. Wengi wao wanataka tembo mmoja tu, na pambo liishie T au A kwao ni sawa. Ndiyo maana zile 6,395 hazikwei mbali na zile 9,803. Kwa heller 20 hali ni kali zaidi. Sarafu ya kawaida iliyochakaa hupatikana kwa makumi machache ya dola, na mchanganyiko ulio adimu huthaminiwa na wataalamu wachache wenye kujua, wengi wao wakiwa Ujerumani, Uingereza na Marekani. Nje ya kundi hilo hupita kama nyenzake.

Mtu anaweza kusema soko limeamua, basi yaishe. Siridhiki na jibu hilo. Huko Marekani mnunuzi mwenye maarifa humpita muuzaji kila siku. Bill Fivaz na J. T. Stanton waliandika mwaka 1990 kitabu kizima cha kumsaidia mtu kuokota sarafu zenye tofauti kwenye trei ya muuzaji asiyezitambua. Lakini muuzaji huyo angeweza kununua kitabu hicho hicho. Mzee wa Tabora, Ujiji au Kondoa mwenye heller 20 za babu yake hana kitabu cha kununua kwa lugha anayoisoma. Anachokisikia ni uvumi wa rupia za Mjerumani: kwamba moja inajenga nyumba, kwamba zimezikwa karibu na maboma, kwamba yupo tajiri anayezitafuta. Watu wamechimba mashimo na kutoa pesa za kutangulizia kwa matapeli kwa sababu ya uvumi huo. Rupia ya kawaida ya fedha ya miaka ya 1890 hadi 1914, ikiwa imetumika, haijengi hata msingi wa nyumba. Uongo wa bei kubwa na ujinga wa tofauti ndogo vimekaa pamoja kwa watu wale wale, na kimoja kinakilisha kingine.

Maarifa yenyewe si magumu. Sarafu isisafishwe kamwe: kuipiga majivu, ndimu au sabuni ya chuma huondoa ngozi ya juu, na ngozi hiyo ikiondoka bei huporomoka bila kujali muhuri ni upi. Tembo waliowahi kuwa vidani huwa na kovu la kulehemu ukingoni, na kovu hilo hukata thamani hata likisuguliwa vizuri. Tembo bandia wapo wengi. Mizani ya sonara hukamata baadhi yao, na kulinganisha muhuri na picha ya sarafu iliyothibitishwa hukamata wengi waliobaki, kwa kuwa mghushi naye hashindi nukta zote. Nyati wa miguu mitatu anafundisha njia hiyo hiyo. Wapo wanaochukua sarafu ya kawaida na kukwangua mguu, lakini ile ya kweli ina mstari wa vinundu kutoka chini ya tumbo la nyati hadi ardhini, na vinundu hivyo vilikuwemo kwenye muhuri. Mkwanguaji hawezi kuviongeza.

Picha zina kazi nyingine pia. Sheldon, yule wa kipimo cha 1 hadi 70, alibainika baadaye kuwa alibadilisha senti bora za American Numismatic Society ya New York kwa za aina ile ile zilizo hafifu zaidi, akachukua nzuri. Namba ya muhuri ilikuwa ile ile, kwa hiyo sanduku lilionekana limejaa. Picha na kumbukumbu za zamani, zilizoonyesha kila mkwaruzo, ndizo zilizosaidia kuzitambua senti zilizotolewa. Makumbusho na familia zenye sarafu za Tabora zinahitaji kumbukumbu za namna hiyo kabla ya kuhitaji mnunuzi: picha za pande mbili, uzito, aina ya taji, aina ya L, madini, na mahali sarafu ilikopatikana. Hilo la mwisho linaweza kuandikwa hapa kwetu tu. Katalogi za Ulaya zinajua sarafu zilivyo. Hazijui ni mchanganyiko upi uliobaki Unyanyembe na upi uliosafiri na askari hadi kusini, na jibu la swali hilo lingeweza kutuonyesha mihuri ipi ilitangulia na ipi ilitumika siku za mwisho kabla ya mji kuanguka.

Hesabu kama hiyo ikifanywa, baadhi ya bei zitapanda. Nyingine zitashuka: huenda mchanganyiko unaodhaniwa adimu leo umejaa kwenye makopo ya Uyui na Nzega, ukisubiri kuhesabiwa kama zilivyohesabiwa senti za 1995. Anayenunua sasa kwa matumaini ya faida ajue kwamba analipia orodha ambayo bado haijakamilika. Anayeuza naye adai kuona sarafu yake imeandikwa kwa aina ya taji na ya L kwenye risiti, na apate ofa ya pili kabla haijatoka mkononi mwake.